Chembe sahani 14,000, slaidi moja na chupa 103 za plazma: kisa cha TTP cha mdogo wangu

TTP ni ugonjwa ambao damu inaganda ovyo kwenye mishipa midogo na chembe sahani (zile seli ndogo za kugandisha damu) zinaisha. Naandika hii kwa ruhusa ya mdogo wangu mwenyewe, kaisoma yote na kuna sehemu mbili kanirekebisha. Ana miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, watoto wawili, kilo 62, hajawahi kulazwa zaidi ya kujifungua. Mimi ni mtu wa maabara, siyo daktari, kwahiyo maamuzi ya dawa hayakuwa yangu, ila ile slaidi niliiona kwa macho yangu na ndo maana nimekaa chini kuandika.

Ilianza Jumatatu kwa uchovu. Na si mnajua kwetu, ukichoka na kichwa kikauma basi ni malaria. Akapita duka la dawa akapewa mseto bila kupima, akamaliza dozi siku tatu, uchovu uko palepale na sasa anahema akipanda ngazi za kwenda darasani. Alhamisi jioni akaona vidoti vyekundu miguuni, chini ya magoti, vidogo kama ncha ya kalamu. Akanitumia picha WhatsApp, "Kaka, hii si aleji ya mseto?" Nikamuuliza vinawasha? Akasema haviwashi. Nikamwambia bonyeza na glasi uone kama vinapotea, akasema havipotei. Nikamjibu kesho asubuhi nenda kapime FBP (picha kamili ya damu).

Ile "kesho" inaniuma mpaka leo. Vidoti visivyopotea ukibonyeza ni damu inayovuja chini ya ngozi, hilo nalijua, nalifundisha hata kwa wanafunzi wanaokuja field, nilitakiwa kusema nenda sasahivi.

Ijumaa saa moja asubuhi shemeji akapiga simu. Alimkuta jikoni kashika mwiko anaangalia tu sufuria, akamuuliza mtoto kashakula? Akajibu maneno yasiyoeleweka, akamwita mwanae mkubwa kwa jina la marehemu babu yetu, mara mbili, halafu mkono wa kulia ukalegea mwiko ukaanguka. Baada ya dakika kama 20 akawa sawa kabisa, anaongea vizuri, anasema alikuwa na usingizi tu. Shemeji akawa hajui ampeleke hospitali au amwache apumzike. Nikamwambia shemeji, usimwache hata dakika moja, njoo naye. Njiani akaomba kwenda haja ndogo, na shemeji akaniambia baadaye mkojo ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea.

Hospitali ya kwanza (sitaitaja) walimpokea vizuri. Malaria hakuna, kipimo cha haraka na slaidi vyote hasi. FBP ikatoka: himoglobini 7.1, yaani damu imepungua sana, seli nyeupe kawaida, chembe sahani 14,000. Mtu mzima anatakiwa kuwa kati ya 150,000 na 450,000. Daktari akasema dengue, na simlaumu, Dar tumepitia milipuko ya dengue na chembe sahani kushuka ndo kitu cha kwanza kila mtu anakumbuka. Akaandika aongezewe chembe sahani.

Sasa hapa ndo nilipokwama. Dengue ikishusha chembe sahani sawa, lakini hii himoglobini 7.1 imetoka wapi? Hatapiki damu, hajatoka damu puani, hedhi yake iliisha wiki mbili nyuma. Damu imeenda wapi? Na ule mkono?

Nikaenda maabara yao, nikajitambulisha, nikamwomba yule dada wa zamu niangalie slaidi ya FBP. Akanipisha kwenye hadubini bila neno, Mungu ambariki. Nikaweka tone la mafuta, nikashusha lensi ya 100. Seli nyekundu za mtu mzima zinatakiwa kuwa duara, kama vitumbua vilivyobonyea katikati. Nilichoona ni vipande. Moja imekatwa nusu kama kofia, nyingine pembetatu, nyingine ina pembe mbili, yaani kama mtu kapitisha wembe. Tunaziita skistosaiti. Kwa kawaida hata moja kwenye mia hupati. Nikasogeza uwanja, sita. Nikasogeza tena, nane. Tena, saba. Na chembe sahani karibu hakuna, uwanja mzima unaona moja au hamna kabisa. Mikono ikaanza kutetemeka maana nilijua naangalia damu ya nani.

Chembe sahani chini pamoja na seli nyekundu zilizokatikakatika. Hivyo viwili vikikaa pamoja, cha kwanza kufikiria ni TTP mpaka uiondoe.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi maana wengi wananiuliza inakuwaje mtu mmoja anavuja damu na wakati huohuo damu inaganda. Kwenye ukuta wa mishipa ya damu kuna protini inaitwa von Willebrand, inatoka ikiwa ndefu kama uzi, kazi yake ni kunasa chembe sahani pale mshipa ulipoumia ili damu isimame. Uzi ukibaki mrefu hivyo ni hatari, kwahiyo mwili una mkasi wake, kimeng'enya kinaitwa ADAMTS13, kinaukata vipande vifupi. Kwenye hii TTP ya kinga, mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya mkasi wake wenyewe. Mkasi ukishaisha, nyuzi zinabaki ndefu kwenye mishipa midogo mwili mzima, zinanasa chembe sahani ovyo hata pasipo na kidonda, yanajengeka mabonge madogo madogo kwenye ubongo, moyo, figo. Chembe sahani zinaishia humo kwenye mabonge, ndo maana zikipimwa zimeisha na ngozi inavuja vidoti. Seli nyekundu nazo zikijipenyeza pale penye mabonge zinachanika. Mkojo mweusi ndo hizo seli zilizopasuka. Na kuchanganyikiwa kunakokuja na kuondoka ni ubongo kukosa damu sehemu moja, kisha pakafunguka, kisha kwingine. Kwahiyo ule usingizi wake wa jikoni haukuwa usingizi.

Kumwongezea mtu wa hivyo chembe sahani ni kuyalisha yale mabonge. Zinatolewa tu kama anavuja damu kiasi cha kutishia maisha, na mdogo wangu hakuwa anavuja hivyo.

Nikapanda wodini. Chupa ya chembe sahani ilikuwa imeshafika, muuguzi anaandaa kutundika. Nikamfuata daktari, "Dokta samahani sana, mimi ni kaka yake mgonjwa ila pia ni mtu wa maabara, nakuomba dakika mbili uje uone slaidi kabla hiyo chupa haijatundikwa." Angeweza kunifukuza. Alishuka na mimi. Aliangalia kama dakika moja, akasogeza slaidi mwenyewe, akanyamaza, akasema "Hii siyo dengue. Mpigie muuguzi mwambie asitundike." Namheshimu yule daktari mpaka kesho, kijana mdogo tu, alikubali kubadilisha mawazo mbele ya watu.

Vikaongezwa vipimo haraka. LDH, kimeng'enya kinachopanda seli zikipasuka, 1,480, wakati mwisho wa kawaida kwa mashine yao ni 250. Seli changa nyekundu asilimia 9, yaani uboho unahangaika kufidia. Coombs hasi, kwahiyo siyo kingamwili zinazoshambulia seli nyekundu zenyewe. INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, 1.1, na hiki kipimo msikidharau, maana mgonjwa wa sepsis (maambukizi makali yaliyosambaa mwilini) anayeganda damu mwili mzima INR inapanda, kwenye TTP inabaki kawaida. Kreatinini 98, figo bado ziko sawa. Ujauzito hasi, kwa sababu kifafa cha mimba kikali kinaweza kufanana kabisa na hii. VVU hasi, na hiki ni lazima, VVU yenyewe inaleta TTP na wagonjwa wengi Kusini mwa Afrika wamegundulika kwa njia hiyo. Akaulizwa pia kama ametumia kwinini. Kwinini kwa watu wachache inaleta hali inayofanana na hii kupitia kingamwili, na kwetu kwinini bado iko mitaani. Hakuwa ametumia, ni mseto tu.

Kuna hesabu inaitwa PLASMIC, pointi saba: chembe sahani chini ya 30,000, dalili za seli kupasuka, hana saratani hai, hajapandikizwa kiungo wala uboho, MCV (ukubwa wa seli nyekundu) chini ya 90, INR chini ya 1.5, kreatinini chini ya 2 kwa vipimo vya Kimarekani. Ukipata 6 au 7 uwezekano wa TTP ni mkubwa. Mdogo wangu alipata zote saba. Angalieni hiyo orodha vizuri: kila kitu hapo kinapatikana hospitali ya mkoa. Hakuna kimashine cha ajabu.

Kipimo chenyewe cha ADAMTS13 hakikuwepo, sampuli ilibidi iende Afrika Kusini. Nilichukua damu mwenyewe kwenye chupa ya mfuniko wa bluu, ile yenye sitreti ya kuzuia damu isigande, KABLA hajapewa plazma (maji ya damu) yoyote, nikaizungusha, nikavuta ile plazma juu, nikaigandisha. Mpangilio huu ni muhimu sana, kwasababu ukishamwekea plazma ya mtu mwingine umeshamwekea mkasi wa mtu mwingine, kipimo kitasoma uongo. Majibu yalirudi siku ya 11: chini ya asilimia 5, na kingamwili zipo. Chini ya 10 ndo TTP. Siku 11! Angesubiriwa majibu ndo aanze dawa, tungekuwa tumeshamzika na kumaliza matanga.

Matibabu yenyewe ni kubadilisha plazma. Mashine inatoa damu, inatenganisha, inatupa plazma yake yenye zile kingamwili, inarudisha seli zake pamoja na plazma ya wachangiaji yenye mikasi mizima. Hospitali ya kwanza hawakuwa na uwezo huo. Wakafanya kinachowezekana: usiku uleule wakamwekea plazma kwa dripu, chupa tano zilizokuwepo, kama lita 1.1, polepole mapafu yasijae maji, na steroidi ya mshipa ya kutuliza kinga, methilprednisoloni gramu 1. Dripu ya plazma haitoi kingamwili, inaongeza tu mikasi kidogo, lakini inanunua muda. Hiyo tofauti ilipimwa Kanada, utafiti wa 1991 wenye wagonjwa 102: baada ya miezi sita waliobadilishiwa plazma walibaki hai asilimia 78, waliopewa dripu tu 63. Sasa soma hiyo 63 ukijua kwamba kabla ya plazma walikuwa wanakufa karibu 90 kwenye 100. Kwahiyo kama uko wilayani na mashine iko mbali, dripu ianze wakati ambulensi inatafutwa.

Jumamosi asubuhi tukahamishiwa hospitali ya pili, wodi ya figo. Walikuwa na kichujio cha plazma kinachofungwa kwenye mashine ya aina ya ile ya kusafisha figo. Daktari wa figo akapiga hesabu mbele yetu: kilo 62, damu yake imepungua, plazma yake ni kama lita 3.2, kila siku tunatoa yote tunaweka mpya. Chupa moja ni kama mililita 230. Chupa 14. Kwa siku. Mama akauliza, "Daktari baba, hizo chupa 14 zinatoka wapi?" Akamjibu kwa upole, "Mama, zinatoka kwa watu."

Hapo ndo nikajua ugonjwa huu unatibiwa na ukoo. Chupa moja ya plazma ni mchangiaji mmoja. Bahati yetu mdogo wangu ni kundi O. Kwa damu nzima O ndo anateseka maana anapokea O tu, lakini kwa plazma inageuka, O anapokea plazma ya kundi lolote, mwenye AB ndo mwenye shida maana anatakiwa plazma ya AB. Hilo wengi kwenye familia hawakulijua, walikuwa wanarudishana nyumbani "mimi A, mimi B siwezi". Nikaandika kwenye magrupu yote, la ukoo, la kanisa, la wazazi wa shule: makundi YOTE yaje. Walimu wenzake walijaza daladala nzima. Kuna mzee mlinzi wa shule, umri ulikuwa umempita, akakataliwa, akakaa benchi pale benki ya damu mpaka jioni kusindikiza wenzake. Benki ilitupa plazma iliyokuwa imeshagandishwa na sisi tukafidia kwa wachangiaji. Seli nyekundu za chupa hizo zikaenda kwa wagonjwa wengine.

Mrija mnene uliwekwa kwenye shingo. Plazma inayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, chupa baada ya chupa, na kila awamu ilichukua karibu saa tatu. Awamu ya kwanza alianza kulalamika midomo inafa ganzi na vidole vinachoma, mama akashtuka akadhani kiharusi. Ni sitreti iliyomo kwenye plazma, inakamata kalisi ya damu. Wakamwekea kalisi kwenye mshipa ikaisha baada ya dakika chache. Siku ya tatu akavimba mabaka mwili mzima, aleji ya plazma, akachomwa dawa ya aleji wakaendelea.

Kila asubuhi nilikuwa nasubiri namba moja tu. Jumamosi 19,000. Jumapili 34. Jumatatu 61, tukashangilia mpaka muuguzi akatunyamazisha. Jumanne 43. Siwezi kuelezea ile Jumanne. Shemeji alitoka nje akakaa chini kwenye ngazi. Daktari akasema kupanda kushuka siku za mwanzo kunatokea, hatuachi, na usiku wa Jumatatu alikuwa ameshapewa dozi ya kwanza ya rituksimabu. Jumatano 88, Alhamisi 152, Ijumaa 169. Awamu saba. Wanaendelea mpaka chembe sahani zivuke 150,000 siku mbili mfululizo, ndo wakatoa mrija. Ukijumlisha na zile tano za usiku wa kwanza, chupa 103.

Rituksimabu inaua seli zinazotengeneza kingamwili, miligramu 375 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, wiki nne. Inawekwa mara tu baada ya kubadilisha plazma, ili ipate masaa ya kutosha mwilini kabla ya awamu inayofuata haijaiosha. Na kabla ya kuiweka apimwe homa ya ini B, tafadhali sana, kwasababu kwetu wengi wanayo bila kujua na hii dawa inaiamsha. Tulitumia ya kopi, bei nafuu kuliko ya asili, ila bado shemeji aliuza kiwanja. Steroidi akahamia prednisoloni miligramu 60 za kumeza, ikapunguzwa taratibu.

Kuna dawa mpya, kaplasizumabu, imetengenezwa kutokana na kingamwili za wanyama wa jamii ya ngamia. Inakaa kwenye ule uzi wa von Willebrand ili chembe sahani zisinase kabisa, yaani inazuia mabonge wakati plazma na rituksimabu zinafanya kazi yao. Ulaya iliidhinishwa 2018, Marekani 2019. Chembe sahani zinapanda haraka na awamu za plazma zinapungua, ubaya wake ni kuvuja damu puani na kwenye fizi. Bei ilipoingia Marekani ilikuwa dola 270,000 kwa matibabu ya mara moja. Kwetu haikuwa hata mada.

Mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa binti wa miaka 16 New York, daktari Eli Moschcowitz alimwelezea 1924. Homa, upungufu wa damu, kupooza, akapoteza fahamu, akafa, na mishipa midogo ilikutwa imejaa mabonge. Moschcowitz alihisi ni sumu yenye nguvu ndani ya damu. Kingamwili dhidi ya kile kimeng'enya zilikuja kuelezwa vizuri 1998. Mdogo wangu kaugua ugonjwa uleule karibu miaka mia baadaye na anafundisha. Leo wanaotibiwa mapema wanapona zaidi ya wanane kwenye kumi, na wanaokufa wengi wao ni wale waliochelewa kugundulika au moyo na ubongo viliumia mwanzoni.

Lakini kupona kwake si kama kupona malaria. Bila rituksimabu wanaorudiwa ni theluthi hadi nusu. Kwa aliyepewa inapungua, haiishi. Inaweza kurudi baada ya mwezi au baada ya miaka. Kwahiyo anapimwa ADAMTS13 kila baada ya muda, maana mkasi unaanza kupungua kabla chembe sahani hazijashuka, na ukifika chini ya 20 anaweza kupewa rituksimabu kabla hajaugua. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni kaambiwa aachane navyo. Mtoto wa tatu, wakimtaka, ni mpaka wakae na daktari wa damu na wa uzazi kwanza, mimba ni wakati ambao TTP inapenda kurudi. Presha inapimwa pia, hatari ya presha na kiharusi inaongezeka miaka ya mbele.

Sehemu aliyonirekebisha zaidi ni hii. Niliandika "yuko vizuri kabisa", akafuta. Anasahau majina ya wanafunzi aliowafundisha miaka miwili. Akisahihisha madaftari 40 anachoka kama kalima shamba. Miezi ya kwanza alikuwa analia bila sababu na ndugu wakawa wanasema ashukuru yuko hai, na yeye alikuwa anashukuru na bado analia. Daktari alimwambia kumbukumbu kuyumba na sonona ni vya ugonjwa wenyewe, siyo udhaifu wake, na akamwanzishia ushauri nasaha. Aliniambia hilo neno moja, kwamba siyo udhaifu wake, lilimsaidia kuliko vingi. Kwahiyo ndugu wa wagonjwa, mwacheni alie.

Kwenye pochi ana kadi nimeipigia plastiki: ana TTP, akichanganyikiwa, akipata vidoti au mkojo mweusi apimwe FBP na slaidi saa hiyohiyo, asiwekewe chembe sahani, kundi O, na namba ya shemeji na yangu. Miezi mitatu baada ya kutoka ADAMTS13 ilikuwa asilimia 64. Miezi sita 58. Miezi tisa 47. Inashuka taratibu, daktari kasema tusikimbie ila tusogeze kipimo, badala ya miezi mitatu iwe miwili. Kinachofuata ni Januari shule zikifunguliwa. Nitaichukua mwenyewe, chupa ya bluu.